Mashine ya Muziki au Kompyuta: Nyimbo Zako Zinafia Wapi?

Fungua folda yenye kazi zako uhesabu mambo mawili. La kwanza: ni midundo mingapi uliianza ukaiacha ikiwa kipande kimoja kinachojizungusha, hakina ubeti wala kiitikio? La pili: mwezi uliopita, ni siku ngapi ulikuwa na hamu ya kutengeneza muziki na bado hukuwasha chochote? Majibu hayo yatakusaidia kuchagua kuliko orodha ndefu ya sifa za vifaa. Mashine huokoa nyimbo ambazo zingekufa kabla ya kuanzwa, na kompyuta huokoa zile ambazo zingekufa kabla ya kumalizwa. Nimefanya kazi kwa njia zote mbili kwa miaka mingi, na kila ninapoulizwa ninunue nini, hapo ndipo ninapoanzia.

Kwa mashine namaanisha kifaa kinachojitegemea: kina pedi za kugonga au vitufe vya hatua, kina kumbukumbu yake, kinanasa sauti na kupanga wimbo bila kuchomekwa kwenye kompyuta. Akai MPC, Elektron Digitakt, Roland SP-404, Polyend Tracker na Synthstrom Deluge ni za ukoo huo. Kwa kompyuta namaanisha laptopu au kompyuta ya mezani yenye programu kama Ableton Live, FL Studio, Logic, Cubase au Reaper, pamoja na kinanda kidogo au pedi za kuchomeka.

Sauti tuiweke kando

Utaambiwa kwamba mashine ina sauti nzito, yenye joto, na kompyuta ina sauti kavu. Zamani ilikuwa kweli, na sababu yake inajulikana. E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilinasa sauti kwa biti 12 (undani wa kila kipimo) na sampuli, yaani vipimo vya sauti, zipatazo 26,000 kwa sekunde, wakati CD ni biti 16 na sampuli 44,100. Sauti za juu zilikatika, ukwaruzo ukaingia, na ngoma zikatoka na ule ukali ambao watu wa hip hop waliupenda mno. Nafasi yake yote ya kunasa ilikuwa kama sekunde 10. Ili kuitosheleza, maprodyuza walichukua santuri ya mizunguko 33, wakaichezesha kwa mwendo wa 45, wakainasa ikiwa inakimbia, kisha wakaishusha ndani ya mashine mpaka irudi kwenye mwendo wake. Kule kushushwa kuliongeza ukwaruzo zaidi.

Mashine za leo hazina upungufu huo. MPC Live ya mwaka 2017, na zilizofuata baada yake, zina prosesa, kumbukumbu na mfumo wa Linux ndani yake. Ni kompyuta zilizopewa kazi moja. Ukirekodi ngoma ileile kwenye mashine ya sasa na kwenye laptopu yenye saundi kadi nzuri (kifaa cha kuingizia na kutolea sauti), sikio halitakuambia ipi ni ipi. Na ukiutaka ukwaruzo wa mwaka 1987, pande zote mbili zina njia za kuuiga. Anayenunua mashine kwa ajili ya sauti peke yake atajuta. Sababu ya kuinunua ni mikono.

Mikono

Roger Linn ndiye aliyeunda LM-1 mwaka 1980, mashine ya kwanza ya ngoma iliyotumia sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa kidijitali. Mwaka 1988 akaja na MPC60 akishirikiana na Akai, yenye pedi 16 zilizopangwa nne kwa nne. Karibu kila kampuni iliyotengeneza pedi baadaye imefuata mpangilio huo, na ukikaa nao wiki chache utaelewa kwa nini. Vidole vinakariri. Kiki (ngoma nzito ya chini) iko hapa, snea (ngoma yenye mlio mkali) iko pale, haihati (matoazi) inakaa chini ya kidole cha shahada. Baada ya muda hufikirii tena. Unasikia mdundo kichwani na mkono umeshaupiga. Kwa kipanya unauchora mdundo, kwa pedi unaupiga, na msikilizaji huitambua tofauti hata kama hajui kuieleza.

Utasema: si naweza kuchomeka pedi kwenye laptopu? Unaweza, na wengi hufanya hivyo vizuri sana. Lakini angalia macho yako yanaelekea wapi unapopiga. Yanaelekea kwenye skrini, na skrini inachora mistari ya gridi, na kila pigo lililotoka nje ya mstari linaonekana kama kosa. Mkono unakwenda wenyewe kulinyoosha. Jicho linasahihisha kitu ambacho sikio lilikipenda.

J Dilla, prodyuza wa hip hop wa Marekani, ni mfano unaotajwa sana, na kwa haki. Alifanya kazi kwenye MPC3000, na mara nyingi aliacha mapigo yake bila kusahihishwa: kiki inachelewa kidogo, snea inawahi kidogo, mwili mzima unayumba nao. Mashine yake leo imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian la historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, mjini Washington. Mdundo wa namna ile unaweza kutengenezwa kwenye kompyuta pia. Programu nyingi zina kipimo cha mbembeo (swing) kilichochukuliwa kutoka MPC, kinachoanza asilimia 50, ambapo noti zote zimelingana, na kupanda hadi 75. Lakini kipimo kinachelewesha kila pigo la pili kwa kiasi kilekile. Vidole haviyumbi kwa kiasi kimoja.

Kuna pia suala la kuchelewa kwa sauti. Kompyuta huikusanya sauti kwenye mafungu kabla ya kuitoa. Fungu la sampuli 128, kwa mwendo wa 44,100 kwa sekunde, linachukua karibu milisekunde 3, ambazo huzihisi. Fungu la 1,024 linachukua karibu milisekunde 23, na hapo mpigaji wa ngoma anaanza kujilaumu kwamba ameishiwa mkono kumbe kosa ni la mpangilio. Tatizo hili linatatulika: punguza fungu unapopiga na kurekodi, liongeze unapomiksi. Mtengenezaji wa mashine ameshalitatua kiwandani, na wewe hukutani nalo kabisa. Kama kompyuta yako ni dhaifu, hilo ni jambo kubwa.

Mipaka inayosaidia, na inayokaba

Digitakt ya kwanza, ya mwaka 2017, ilikuwa na traki (njia za kubebea sauti) 8, sampuli, hapa yaani vipande vya sauti vilivyonaswa, za mono tu (mkondo mmoja wa sauti), na megabaiti 64 kwa kila mradi. Piga hesabu: kwa biti 16 na sampuli 48,000 kwa sekunde, hizo ni kama dakika 11 za sauti. Anayetoka kwenye kompyuta huona ni udogo wa kusikitisha. Anayeitumia hugundua kwamba kiki moja haifiki hata sekunde moja, na kwamba dakika 11 ni bahari.

Faida ya mpaka ni kukulazimisha kuamua. Traki zikiwa nane na zote zimejaa, huongezi sauti ya tisa ili kuficha udhaifu wa ile ya tatu. Unairekebisha ya tatu. Kwenye kompyuta nimewahi kupitisha jioni nzima nikisikiliza kiki, moja baada ya nyingine, mpaka masikio yakachoka na hamu ya wimbo ikaisha. Sikuwa nimepiga hata pigo moja. Huo ndio ugonjwa mkubwa wa kompyuta, na hautibiwi kwa kununua sampuli zaidi.

Hata hivyo mpaka hukaba pia. Ukitaka piano iliyonaswa noti kwa noti, kwa nguvu tofauti za kugusa, au kundi zima la fidla, maktaba zake huwa za gigabaiti nyingi, na MPC One, kwa mfano, ina gigabaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Anayeandika muziki wa filamu, anayehitaji video iende pamoja na muziki na ala 60 ziwe mezani kwa wakati mmoja, asisumbuke kuwaza. Kompyuta.

Ukirekodi mwimbaji

Hapa sina utata wowote, na ningependa anayetaka kuchagua aisome sehemu hii mara mbili. Kama kazi yako inabebwa na sauti ya mtu anayeimba au kughani, kompyuta inakufaa zaidi, hata kama unapenda pedi kuliko kitu chochote.

Kurekodi mwimbaji vizuri ni kazi ya kurudia. Anaimba ubeti mara sita. Mara ya pili mstari wa kwanza umetoka na machozi ndani yake, mara ya tano mstari wa tatu umenyooka, mara ya sita amemaliza kwa pumzi nzuri. Unavichukua vipande hivyo vitatu unaviunganisha, unaficha maungio katikati ya pumzi, unapunguza ile 's' iliyochoma masikio, unaweka sauti za kuitikia kushoto na kulia. Kompyuta inakuonyesha mara zote sita zikiwa zimepangwa moja chini ya nyingine. Unakata, unasikiliza, unabadilisha mawazo, unatengua. Mashine kadhaa za sasa zinaweza kurekodi sauti ndefu, na baadhi zina hata kirekebisha noti ndani yake. Lakini kuhariri beti mbili za sauti kwenye skrini ya ukubwa wa kiganja, kwa kuzungusha kitasa, ni kuuchosha moyo bure. Na mwimbaji hasubiri. Ukimweka kimya dakika kumi unatafuta ukurasa wa menyu, ile hali aliyoingia nayo imeshatoka.

Tahadhari moja kwa wa kompyuta: iweke mbali na maiki, kwa sababu feni ya laptopu ikianza kuzunguka itasikika kwenye kila sehemu ya polepole ya wimbo.

Kuutandaza wimbo

Mashine inakupa mzunguko mtamu ndani ya robo saa, halafu inakuacha nao. Huo ndio ugonjwa wake. Unausikiliza ule mzunguko unajirudia, unatikisa kichwa, unaongeza kengele, unaitoa kengele, na saa mbili zimepita ukiwa palepale. Kila mashine ina njia yake ya kupanga vipande kuwa wimbo: nyingine inaviunga kwa mfuatano wa namba, nyingine inakutaka uvicheze kwa mkono huku inarekodi. Zinafanya kazi. Ila huuoni wimbo wote kwa pamoja.

Kwenye kompyuta wimbo unatandazwa kama mkeka sakafuni. Unaona kiitikio kinaingia wapi, unaona ubeti wa pili ni mrefu kuliko wa kwanza, unaona besi haijapumzika tangu mwanzo hadi mwisho. Ukitaka daraja, yaani kipande tofauti cha wimbo, kabla ya kiitikio cha mwisho, unasukuma kila kitu mbele na pengo liko tayari. Kama folda yako imejaa vipande visivyokua, kuongeza mashine kutakupa vipande vingi zaidi vya aina hiyohiyo.

Kumiksi ni vilevile. Unaweza kumiksi ndani ya mashine na matokeo yakawa mazuri, hasa kwa muziki wa ala chache. Lakini siku mteja atakapokuambia, wiki tatu baadaye, kwamba snea ya ubeti wa pili ishuke kidogo, kompyuta itaufungua wimbo kama ulivyouacha, kila kipimo mahali pake. Aliyepitisha sauti za mashine kwenye meza ya kuchanganyia na vifaa vya nje lazima avirudishe vipimo vyote kwa kumbukumbu au kwa picha alizopiga.

Kipi kitafunguka baada ya miaka kumi

Watu wa kompyuta huwa hawalifikirii jambo hili mpaka liwafike. Mwaka 2019 mfumo wa macOS Catalina uliacha kuendesha programu za biti 32, na plagini (programu ndogo za sauti zinazoongezwa kwenye programu kuu) nyingi za zamani ambazo hazikuandikwa upya zikanyamaza siku moja. Mimi mwenyewe nina wimbo ambao sinthesaiza yake kuu ilikuwa plagini ya kampuni ndogo iliyofunga milango. Ili kuiwasha upya kwenye kompyuta nyingine ilihitajika ruhusa kutoka kwenye seva yao, na seva haipo tena. Mdundo upo, noti zipo, ila sauti niliyoipenda haipo. Tangu hapo, nikimaliza wimbo natoa kila traki kama faili la sauti la kawaida, yaani WAV, kuanzia sekunde sifuri hadi mwisho. Fanya hivyo hata kama hujachoka na kompyuta yako.

Mashine ya zamani ukiiwasha inafanya kile ilichofanya siku ilipotoka kiwandani. MPC60 iliyotunzwa bado inapiga, na kwa kuwa kanuni ya MIDI ya mwaka 1983, lugha ambayo vifaa vya muziki huwasiliana kwayo, bado inatumika, inaweza kuongea na kifaa kilichotengenezwa mwaka huu. Ila nayo ina vifo vyake: pedi hukakamaa, skrini hufifia, na kazi zilizohifadhiwa kwenye diski laini za wakati ule zinahitaji mtu mwenye kisomeo chake. Mashine mpya zenye mfumo wa kompyuta ndani zinategemea pia masasisho, na haijulikani ni miaka mingapi yatakuja.

Gharama, kwa kifupi

Kompyuta huenda tayari unayo, na hilo ni zito kuliko watu wanavyokiri. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu bila kufungiwa kitu. Jaribio la FL Studio linakuruhusu kutoa wimbo kamili, ila mradi uliouhifadhi haufunguki tena mpaka ununue, kwa hiyo toa faili kabla ya kufunga. Gharama ya kompyuta hujificha kwenye nyongeza: saundi kadi, plagini, sampuli, plagini nyingine. Mashine unalipa mara moja, kiasi kikubwa, na unaongeza kadi ya kumbukumbu na hedifoni. Ukiichoka, mashine yenye jina inauzika kwa urahisi, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu plagini nyingi.

Kwa jukwaani sitakawia: mashine. Haileti ujumbe wa kusasisha katikati ya onyesho, na watazamaji wanaona mikono ikifanya kazi. Na kwa anayesafiri, SP-404MKII inakwenda kwa betri 6 za kawaida, MPC Live ina betri yake ndani, lakini MPC One haina, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kuota kutengeneza midundo chini ya mti.

Njia ya kati

Ukuta kati ya pande hizi umeshaanza kubomoka. Ableton ilitoa Push 3, kifaa cha pedi, mwaka 2023 yenye toleo linalofanya kazi bila kompyuta, na mwaka 2024 ikatoa Move, ndogo na ya betri. Unachoanzisha humo unakifungua baadaye kwenye Ableton Live ya kompyuta, traki zikiwa zimetenganishwa. MPC nazo zina programu ya kompyuta inayofungua mradi uleule. Hivi ndivyo ninavyofanya kazi sasa na ndio upande ninaoupenda: mdundo unazaliwa kwenye mashine, skrini ya kompyuta ikiwa imezimwa, kisha siku nyingine, masikio yakiwa mapya, nauhamishia kwenye kompyuta kwa ajili ya sauti za waimbaji, mpangilio na miksi. Ile siku ya kuhamisha ina faida ya ziada. Unaposubiri traki zitoke moja moja unazisikiliza peke yake, na mara nyingi mbili au tatu zinajionyesha kwamba hazihitajiki.

Lakini kama una uwezo wa kununua kimoja tu, nitasema hivi. Unarekodi waimbaji, unafanya kazi za wateja, au folda yako imejaa vipande: baki na kompyuta, na fedha uliyotenga itie kwenye maiki, saundi kadi na kuzuia mwangwi wa chumba. Unatengeneza midundo ya ala tupu, unakaa mbele ya skrini siku nzima kazini na jioni huwezi kuitazama tena, au unatumbuiza: nunua mashine, moja, na usiinunulie mwenzake mpaka umalize nyimbo kumi juu yake. Anayeanza kabisa na ana laptopu inayofanya kazi, hata ya zamani, aanze nayo.

Ukiwa bado unasitasita, jaribu hivi kwa siku 14 kabla hujalipa. Kwenye kompyuta uliyonayo, zima intaneti, chagua sampuli 16 na usiongeze ya 17, zipandishe kwenye pedi za kuchomeka, hata za kuazima. Ukianza kupiga, funika skrini kwa kitambaa. Ukifika siku ya 14 una midundo mingi kuliko mwezi mzima uliopita, mashine inakuita. Ukijikuta siku ya tatu umeshafunua kitambaa ili utazame wimbo ulivyokaa, weka fedha yako, huhitaji mashine.